Juha Kalulu na Kiswahili cha Bara: Mchango wa Edward Gitau

Wanaoandika historia ya fasihi ya Kiswahili nchini Kenya wamezoea kuanzia Lamu na Mombasa, kwenye tenzi na mashairi, na kumalizia kwa riwaya na tamthilia zinazotahiniwa shuleni. Mpango huo una haki yake, lakini unamwacha nje msanii ambaye huenda amesomwa na Wakenya wengi kuliko waandishi wengi wa vitabu. Huyo ni marehemu Edward Gicheru Gitau, mchoraji wa Juha Kalulu.

Juha Kalulu alizaliwa magazetini katika miaka ya 1950, akaendelea kuwachekesha wasomaji mpaka karne ya 21. Miaka mingi kati ya hiyo aliishi katika Taifa Leo, gazeti la kila siku lililoanzishwa mwaka 1960. Jina lenyewe lastahili kuzingatiwa. Juha ni mjinga, neno lenye udugu na Juha wa visa vya Waarabu. Na kalulu, kwa Kinyanja, ni sungura, yule mjanja wa ngano zetu. Ujinga na ujanja vimekaa katika jina moja, na ndivyo vinavyokaa katika visa vyake: Juha hupanga hila, hila humrudia, na msomaji hucheka kwa kuwa amemtambua jirani yake.

Ili kuupima mchango huu, na tuutazame mtaa wa Kiamaiko, huko Eastlands jijini Nairobi, unaojulikana kwa biashara ya mbuzi. Mifugo huletwa kutoka Isiolo, Marsabit na Moyale. Mborana huuza, Mkikuyu au Mjaluo hununua, nao hupatana bei kwa Kiswahili. Wengi wao lugha hiyo hawakuinyonya kwa mama zao. Wameipata kazini na njiani. Kwa msomaji wa namna hiyo, utenzi ni mgumu kwa msamiati wake, na riwaya ni ghali. Gazeti, linalonunuliwa na mmoja na kusomwa na wengi, humfikia. Katika vijisanduku vichache vya Gitau, picha ilimfasiria neno asilolijua.

Tusisahau tarehe. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya Bunge mwaka 1974, na kikawa somo la lazima shuleni kwa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Kufikia hapo Juha alikuwa amekwisha kuwasomesha watu wa bara kwa muda wa kizazi kizima, bila mtihani wala kiboko. Jarida la Joe, lililoanzishwa kwa Kiingereza mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, lilisifiwa sana na wasomi. Lilikoma mwaka 1979. Juha aliendelea.

Wako watakaosema kwamba katuni si fasihi, kwa kuwa gazeti la leo kesho hufungiwa nyama. Hoja hiyo haina nguvu. Mashairi ya kale nayo yangepotea lau wasingalikuwako watu walioketi wakayanakili kwa mkono. Vichekesho vya Gitau vyahitaji wanakili wake: vikusanywe, vipangwe kwa miaka, na Kiswahili chake kichunguzwe darasani kama tunavyokichunguza cha Muyaka. Kazi hiyo ni ya idara zetu, na magazeti yenyewe yanazidi kuchakaa.