Ushuru wa Tumbaku na Vijana

Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, aliyeuchukia mno moshi wa tumbaku, alipandisha ushuru wake kutoka peni 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na peni 10, yaani peni 82. Wavutaji hawakuacha, magendo yakashamiri. Kisha koloni la Virginia likaanza kustawisha tumbaku, na hazina ya mfalme ikaonja utamu wa fedha zake, hata mwaka 1619 akawakataza raia kuilima Uingereza kwenyewe, ushuru wa bandarini usije ukapunguka. Tangu hapo serikali nyingi zimekuwa na nia mbili juu ya jani hili: kulizuia, na kuchuma kwalo.

Huku kwetu Meru, zamani, kijana hakuzuiwa kwa fedha bali kwa umri. Ugoro, kama pombe, ulikuwa jambo la wazee. Sigara ya dukani haikujali rika. Ilimtumikia kila mwenye senti. Ndipo bei ikawa haina budi kufanya kazi iliyokuwa ya desturi.

Nayo huifanya. Mwaka 1999 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, uvutaji hupungua kwa asilimia 4 hivi katika nchi tajiri, na 8 katika nchi zenye kipato kidogo. Na vijana ndio wanaoguswa zaidi, maana mifuko yao ni myepesi.

Mwezi Desemba 2015 Kenya iliweka ushuru mmoja kwa sigara zote: shilingi 2,500 kwa kila sigara 1,000. Mwaka 2017 sigara zisizo na kichungi zikashushiwa ushuru hadi shilingi 1,800. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa. Kijana asiye na kitu hakufukuzwa dukani. Alifunguliwa mlango wa pili. Mlango huo ulifungwa Desemba 2024, zote zikawa shilingi 4,100, yaani shilingi 82 kwa pakiti ya sigara 20. (Msomaji ataikumbuka tarakimu ya Mfalme James, ni sadfa tu.)

Hata hivyo, sheria ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na inakataza pakiti yenye sigara pungufu ya 10, lakini katika vioski vingi vya nchi hii pakiti hufunguliwa na sigara kuuzwa moja moja. Kijana wa Ruiri aliyelipwa kibarua cha siku hakutani na ushuru wa shilingi 82. Hukutana na shilingi 4 na senti 10, zilizofichika ndani ya bei anayoimudu kabla jua halijatua.