Kutoka Nyambizi hadi Nyota: Uhandisi Ulioirusha Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, roketi ya Scout ilifyatuka kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA yenye uzito wa kilo zipatazo 140. Meneja wa mradi, Marjorie Townsend, ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya wenyeji.

Townsend hakusomea mambo ya anga. Mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, fani yake umeme, kisha akaajiriwa na maabara ya jeshi la majini kushughulikia sona, mitambo ya kusaka nyambizi kwa mwangwi. Nyambizi na nyota wapi na wapi? Ila aliyezoea kuchambua ishara hafifu katikati ya kelele za bahari hababaiki akiletewa ishara hafifu kutoka angani. Alipojiunga na NASA mwaka 1959 alianzia hapohapo, kwenye data za setilaiti za hali ya hewa.

Uhuru yenyewe ilikuwa na akili nyingi na makuu machache. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, vipokezi vyake viwili vya eksirei vikipekua anga huku vimepeana mgongo. Kuigeuza hakukuhitaji mafuta: umeme ulipitishwa kwenye koili, usumaku wake ukasukumana na ule wa dunia. Hiyo ni fizikia ya mwaka wa kwanza chuoni. Vipokezi hivyo viliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, akatunukiwa Nobel mwaka 2002.

Walioirusha walikuwa Waitaliano wa Luigi Broglio, profesa wa uhandisi katika chuo cha Sapienza, Roma. Walijifunza kwanza Marekani, wakarusha setilaiti ya San Marco 1 huko mwaka 1964, ndipo wakaja Kenya kufuata Ikweta, ambako dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa na kuisukuma roketi bure.

Kenya ilitoa bahari. Uhandisi ulikuja na wageni. Hali hiyo ilidumu mno. Ni Mei 2018 ndipo 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoundwa kwa ushirikiano na Sapienza ileile, ilipoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ni kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, na humo kamera, redio na betri hugombania nafasi na umeme. Sijui darasa gani lingemfundisha mwanafunzi kubana matumizi vizuri kuliko hilo.

Mwaka 2023 ikafuata Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya. Ilirushwa kutoka California. Ngomeni haijarusha setilaiti tangu 1988.