Saa Iliyorudi Nyuma
Sehemu ya Pili

Tuliishia wapi vile?

Ndiyo. Tairi la nyuma linaning'inia mtaroni, Nesi amekumbatia kasha la chanjo, na Mjomba, dereva ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno, amekosa neno.

Haya, sogea karibu. Wiki iliyopita nilikuonea huruma. Leo sikuonei.

Kwanza nikutoe wasiwasi: hakuna aliyeumia. Bwana Ramani, yule kijana wa takwimu aliyetoka Dar es Salaam, aligonga paji la uso kwenye dashibodi akaota nundu. Simu yake ilipona. Ungejua mambo yaliyokuja kufanywa na simu ile, ungeomba ivunjike palepale.

Mjomba alishuka. Hakulitazama tairi, wala bampa. Alizunguka hadi mlango wa nyuma, akauliza swali moja.

"Nesi, kasha limefunguka?"

Nesi hakujibu.

Nikuache hapohapo kidogo, maana usipojua kilichokuwemo ndani ya kasha utaona kama watu wazima wanahangaikia boksi.

Siku ile ilikuwa Jumatano, tarehe 20 Septemba 2023. Kesho yake, Alhamisi, kampeni ya chanjo ya polio ilikuwa inaanza katika mikoa sita: Kigoma, Kagera, Katavi, Rukwa, Songwe na Mbeya. Siku nne, nyumba kwa nyumba, kila mtoto aliye chini ya miaka minane.

Mwezi Machi mwaka uleule, Burundi ilikuwa imetangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kwao kwa zaidi ya miaka thelathini. Baadaye akapatikana mgonjwa huku kwetu, Rukwa. Na kutoka Muyama walikokuwa wanakwenda, msomaji wangu, Burundi ni vilima vya upande wa pili. Watu huvuka kwenda sokoni, kuoa na kuzika. Unadhani kirusi kitaomba kibali?

Chanjo yenyewe ni matone mawili tu mdomoni. Lakini kwenye kasha yanataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kila kichupa kina alama ndogo: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Joto likiingia, mraba unakolea. Ukilingana rangi na duara, tupa. Hakuna kubembelezana.

Sasa turudi kwa Nesi.

"Halijafunguka," alisema mwishowe. "Kibanio kimevunjika. Mfuniko umelegea."

Akavua kanga mabegani, akalizungushia kasha, akakaza fundo kwa meno.

"Fungua tuone kama vichupa ni vizima," Bwana Ramani akaagiza.

"Kila nikifungua, joto linaingia. Unataka tuone, au unataka tufike?"

Bwana Ramani akajipapasa nundu.

Vijana wa kusukuma walikuwa wameshafika. Nani aliwaita? Hakuna. Gari likikwama huku Buha, nchi ya Waha, wasukumaji hutokea migombani na majembe yao, wametulia, wanajua huna pa kwenda.

"Elfu themanini," alisema mkubwa wao.

Bwana Ramani akatia mkono mfukoni. Mjomba akamshika kiwiko.

Hapo Nesi, mzaliwa wa vilima vilevile, akatoa kichwa dirishani, akasema maneno machache ya Kiha. Vijana wakamtazama Bwana Ramani wakacheka. Wakaviangalia viatu vyake vyeupe, wakacheka tena. Bei ikashuka hadi elfu ishirini.

Aliwaambia nini? Nitakuambia, ila si leo.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha mchana, na udongo mwekundu wa huku ukilowa hauna adabu. Jeki ilizama. Wakatafuta jiwe bapa, jeki ikasimama. Gari likapanda kidogo, likateleza, likamwogesha Bwana Ramani tope kuanzia magotini hadi kwenye kola. Vijana wanne nyuma, wawili ubavuni, moja, mbili, tatu, likatoka.

Lakini tairi lilikuwa limepasuka.

Wakati Mjomba anafungua nati, Nesi alichukua simu yake akaenda nyuma ya migomba, kutafuta mtandao, alisema. Alirudi amekunja uso. Mjomba naye alipokea simu, akajibu "ndiyo, ndiyo, sawa," akaitia mfukoni. Hayo yaweke pembeni. Usiyatupe.

Tairi la akiba lilikuwa na upepo?

Lilikuwa nao. Nusu.

"Nusu si haba," Mjomba akasema, akawasha gari.

*

Kosa halisi la safari ile lilitokea kama kilomita mbili mbele, kwenye njia panda isiyo na hata kibanda.

Unaijua barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu? Kilomita 260. Wakati ule ilikuwa inajengwa kwa lami, na barabara inayojengwa haina msimamo. Jana mchepuo ulikuwa kulia kwa kichuguu, leo uko kushoto, kesho kichuguu chenyewe hakipo. Kibao cha kuonyesha njia kilikuwa kimeanguka, mshale unaelekea ardhini.

Alikuwepo mzee mmoja, anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmetoka mbali."

Bwana Ramani akafungua karatasi yake. "Tunatafuta Muyama, Wilaya ya Kasulu."

Mzee akaegemeza baiskeli, akafikiri kwa heshima zote.

"Muyama ya Kasulu haipo tangu 2012. Tuliyo nayo sasa ni ya Buhigwe."

"Ndiyo hiyohiyo, mzee!"

"Basi shikeni kulia. Ni hapo tu."

Sasa wewe uliyewahi kusafiri vijijini, niambie, "hapo tu" ni kilomita ngapi? Inaweza kuwa mbili, inaweza kuwa kumi na nane. Lakini upande, mzee wa kijiji hakosei.

Simu ilisema kushoto.

Ilisema kwa sauti nyororo ya kike, na mstari wa bluu ukiwa umenyooka. Bwana Ramani akainua mkono hewani kama refa. Kushoto.

"Mkuu," Mjomba akasema polepole, "mzee amezaliwa hapa."

"Na hii inaona kutoka angani."

"Mimi ninaendesha gari. Hiyo inamwendesha nani?"

Swali zuri. Lakini mkuu wa msafara ndiye anayetia sahihi kitabu cha safari, na Mjomba alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Akakata usukani kushoto.

Mzee aliwatazama wakiondoka, akatikisa kichwa, akaendelea na ndizi zake.

*

Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo mbaya. Njia ingekuwa mbovu tangu mwanzo, wangegeuza mapema.

Wakapanda kilima, wakashuka. Wakapita mashamba ya maharage, migomba, kahawa, kisha migomba tena. Nyumba zikapungua. Watoto waliokuwa wakipunga mikono wakapungua pia. Ukungu ukaanza kuteremka.

"Saa ngapi?" Nesi akauliza.

Bwana Ramani akatazama simu. "Kumi na moja na dakika ishirini. Tuna muda wa kutosha."

Wakatulia. Hata Mjomba akapiga mluzi.

Walikwenda tena, mwendo wa kuviziana na mashimo, kwa sababu ya lile tairi la nusu upepo. Giza likaingia. Mjomba akawasha taa.

"Saa ngapi sasa?"

"Kumi na mbili na robo."

Bwana Ramani hakushtuka, na wala usimlaumu. Kwao Dar es Salaam mwezi Septemba jua huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, na siku ya mawingu giza halikawii. Kwake kila kitu kilikuwa sawa.

Nesi ndiye aliyeinua kichwa. Akautazama mlima. Akaitazama mbingu.

"Mjomba, huku kwetu jua linazama saa ngapi?"

Mluzi ukakatika.

Wewe unayekaa Kigoma unajua jibu. Kigoma ipo magharibi ya mbali, ila inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, ndiyo maana jua hukawia. Saa kumi na mbili na robo bado watu wa Kigoma wanacheza mpira. Jua huzama karibu saa moja kamili.

Basi giza lile lilitoka wapi?

Nesi akakunja mkono wa koti. Alikuwa na saa ya mkononi, ya mshale, kuukuu, aliyozoea kuhesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Akaimulika.

"Saa moja na robo."

"Hiyo imeharibika," Bwana Ramani akasema. "Simu haikosei, inachukua saa kwenye mtandao."

"Mtandao wa nani?"

Kabla hajajibu, simu ikalia. Tiii. Ujumbe mfupi.

Bwana Ramani akausoma. Akausoma tena. Akaigeuza simu kifudifudi kwenye paja lake, taratibu.

"Unasemaje?" Mjomba akauliza.

Kimya.

"Mkuu. Unasemaje?"

"Unanikaribisha."

"Wapi?"

Akameza mate.

"Burundi."

*

Tulia. Usianze kupiga kelele.

Wakazi wa Manyovu na vijiji vyote vya mpakani wanaijua habari hii. Mawimbi ya simu hayasimami kwenye nguzo ya mpaka. Unaweza kuwa umelala kitandani kwako Tanzania, simu yako ikavuka peke yake, ikashika mnara wa jirani, na saa ikarudi nyuma, kwa sababu Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo ujumbe ule ulithibitisha kwamba simu imefika Burundi. Gari je?

"Simu imetangulia tu," Mjomba akasema. "Sisi bado tuko nyumbani."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusadikiwa.

Kwa nini waogope? Tangu 2015 Warundi kwa maelfu walivuka vilima hivi kukimbia machafuko kwao, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Tangu hapo mpaka ulikuwa unatazamwa kwa macho makali, pande zote mbili. Sasa chukua gari lenye namba za Tanzania, usiku, lisilo na hati ya kuvuka, lenye kasha lililofungwa kwa kanga. Utamweleza nani akuelewe?

Na barafu inayeyuka.

"Geuza," Nesi akasema.

"Hapa hapatoshi. Kushoto korongo. Tutafute upana."

Wakasogea. Mita mia. Mia mbili.

Mbele ikatokea taa moja. Pikipiki.

Mjomba alikuwa kushoto kwake, kama alivyofundishwa na kama anavyoendesha kila Mtanzania. Pikipiki nayo ikaja upande uleule. Akaipigia honi. Haikuhama. Akawasha na kuzima taa. Haikuhama. Ilipobaki kama hatua ishirini Mjomba akakata usukani kulia, kasha likateleza, Nesi akalirukia, pikipiki ikapita ikiwarushia maneno.

"Mlevi mkubwa!" Bwana Ramani akafoka.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu taa ya pili ilikuwa imeshatokea. Na hiyo nayo ilikuja upande uleule.

Walevi wawili, njia moja, wote wakiwa wamekosea sawasawa?

Burundi, msomaji wangu, magari hupita kulia.

Mjomba akasimamisha gari. Akazima taa. Na pale kwenye utulivu wakasikia sauti kutoka nyuma, upande wa tairi la akiba.

Fssssss.

Ile nusu nayo imekwenda.

Hawawezi kugeuza. Hawawezi kusonga. Simu ya Bwana Ramani imebakiza chaji ya kuhesabu. Nesi amepenyeza vidole chini ya kanga kupima baridi ya kasha, na alichokihisi hakutaka kukisema.

Ndipo ikawaka tochi.

Ilitokea kwenye migomba, ikalizunguka gari bila haraka. Ikamulika namba. Ikamulika tairi. Ikasimama dirishani kwa Mjomba, na vidole vikagonga kioo. Ko, ko.

Mjomba akateremsha kioo nusu. Mtu hakuonekana uso. Alisalimia, na salamu haikuwasaidia kujua wako wapi: Waha na Warundi wanasikilizana, na usiku ule hata Nesi hakuweza kuapa ni lafudhi ya upande gani. Nguo je? Koti refu la mvua. Chini yake, buti.

Kisha mtu yule akabadili, akasema Kiswahili kilichonyooka.

"Ninyi ndio mnaopeleka chanjo Muyama?"

Sasa sikiliza vizuri. Gari halikuwa na maandishi yoyote ubavuni. Kasha lilikuwa limefunikwa. Njia waliyopita haikuwa yao, na hakuna aliyepanga wapite pale.

"Nani amekuambia?" Nesi akauliza.

Mtu hakujibu. Akapitisha mkono dirishani, mbele ya kifua cha Mjomba, akafungua kitasa cha mlango kwa ndani.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.* Wakati unasubiri, rudi pale tairi lilipokuwa linabadilishwa, uhesabu ni wangapi walioshika simu. Na Bwana Ramani mtoe kwenye hesabu yako, maana yule alikuwa anajifuta tope.