Sheria Inamnasa Nani?

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini ziliingia zikiwa zimefungwa kufuli: Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, na hadi Machi 1988 hakuna aliyeweza kuzidai mahakamani. Hata kufuli lilipofunguliwa, ilibaki Ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kubanwa kwa ajili ya usalama na maslahi ya umma. Maneno hayo ni mapana kiasi kwamba karibu sheria yoyote ingeponea humo. Kilichozipa haki hizo uhai ni swali ambalo majaji walianza kuliuliza: sheria hii inamnasa nani? Daudi Pete alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, akanyimwa dhamana kwa sababu tu ya aina ya kosa. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikataa jambo hilo, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikibatilisha kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai. Mahakama haikubeza usalama wa jamii. Ilisema kifungu kilimzuia hata mtu asiye hatari kwa yeyote. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, kipimo kikawekwa bayana: sheria inayobana haki iwe na kinga dhidi ya uonevu, na ibane kadiri inavyohitajika tu, isiwe wavu wa kuzoa hata wasiolengwa. Katika hukumu hiyo liliondolewa sharti la kuomba kibali cha Waziri kabla ya kuishtaki Serikali, yaani mdaiwa kuamua kama ashtakiwe.

Wapo wasemao kwamba majaji hawakupigiwa kura, basi wasitengue kazi ya Bunge. Lakini ni Bunge hilohilo lililoziandika haki hizo na kuikabidhi Mahakama Kuu kazi ya kuzilinda. Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la upande wa pili: kwamba kipimo hulegea pale kinapohitajika mno. Mwaka 1995, katika shauri la Mbushuu, Mahakama ya Rufani ilikiri kuwa adhabu ya kifo ni ya kikatili, kisha ikaiokoa kwa Ibara ileile ya 30(2). Naona Serikali ilibebeshwa mzigo mwepesi mno wa uthibitisho. Lakini mwaka 2002, Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake walipobatilisha sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi ya uchaguzi haijasikilizwa, walitamka wazi kwamba anayetetea ubanaji wa haki ndiye anayepaswa kuuthibitisha.