Wafu Walewale, Majeshi Mawili

Mwaka 1866 Alexander Gardner, mpiga picha Mskoti aliyehamia Marekani, alitoa kitabu chenye picha 100 za vita vya Kaskazini na Kusini. Picha ya 36 inaonyesha maiti waliotapakaa kwenye uwanja wa Gettysburg, jimboni Pennsylvania. Miili imeanza kuvimba, na wengine wamekwisha kuvuliwa viatu. Maelezo yanatuambia kwamba hao ni waasi wa Kusini. Ukifungua picha ya 37 unakuta maiti wengine, na hawa wanatajwa kuwa askari wa Kaskazini waliokufa wakiitetea nchi yao.

Ni maiti walewale. Kamera ilihamishwa tu, ikawatazama kutoka upande wa pili.

Wasomaji walizitazama kurasa hizo kwa zaidi ya miaka mia moja bila kushtuka. Aliyezifichua ni William Frassanito, mwanahistoria ambaye kitabu chake juu ya picha za Gettysburg kilitoka mwaka 1975. Alilinganisha mkao wa kila mwili, mkono kwa mkono, akahitimisha kuwa wote walikuwa wa Kaskazini. Kwa hiyo vijana waliokufa kwa ajili ya serikali yao walitumiwa, upande mmoja wa karatasi, kuwa mfano wa adhabu ya waasi.

Ili tuelewe jinsi mambo yalivyofika hapo, tukumbuke kazi yenyewe ilivyokuwa. Vita vya Gettysburg vilipiganwa kuanzia tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Gardner na wenzake, Timothy O'Sullivan na James Gibson, walifika siku chache baadaye. Siku hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, kikatiwa kamerani kikiwa kibichi, kisha kikasafishwa haraka kabla hakijakauka, ndani ya gari la farasi lililogeuzwa chumba cha giza. Askari anayekimbia angeonekana kama ukungu, ila maiti hatikisiki. Na wazikaji walikuwa tayari kazini, wakifukia miili kwa kasi, kwa sababu lilikuwa joto la Julai.

Katika hali hiyo walimkuta kijana mmoja wa Kusini, amelala kwenye mteremko karibu na majabali ya Devil's Den. Walimpiga picha pale alipoangukia, kutoka pande kadhaa. Kisha wakambeba. Walimpeleka kwenye kipenyo kati ya majabali mawili, palipojengwa ukuta mdogo wa mawe, wakamlaza, uso ukaelekea kamera, bunduki ikaegemezwa ukutani. Ndiyo picha ya 41, pengine maarufu kuliko zote za vita vile. Gardner aliieleza kuwa maskani ya mdunguaji, akasimulia jinsi majeruhi huyo alivyojilaza kungoja mauti akiwaza kwao. Bunduki yenyewe si ya aina waliyopendelea wadunguaji. Yaelekea kijana alikuwa askari wa miguu wa kawaida tu, akapewa baada ya kufa kazi ambayo hakuifanya.

Mwaka 1961 Frederic Ray, msanii wa jarida moja la historia ya vita hivyo, alitambua kwamba maiti wa mteremkoni na wa kwenye majabali ni mmoja. Frassanito akaenda na picha mkononi, akayatafuta mawe yaleyale, akayapata.

Wapo wanaomtetea Gardner kwamba wakati ule uandishi wa habari wa picha haukuwa na miiko. Ni kweli, na kwa upande wa kumhamisha maiti naweza kuuelewa utetezi huo. Nisichoweza kukisamehe ni maneno aliyoyaongeza. Aliandika kwamba alirudi mwezi Novemba, Lincoln alipokuja kuyazindua makaburi, akaikuta mifupa ya kijana palepale, na bunduki bado imeegemea ukuta. Baada ya miezi minne! Kwenye uwanja ambako wazikaji walipita na waokota kumbukumbu walijaa, bunduki isingelala hata usiku mmoja. Hilo halikuwa kosa la haraka za kazi. Alikaa mezani akalitunga.

Mkasi nao umefanya yake. Maktaba ya Bunge la Marekani inayo picha ya Jenerali Grant juu ya farasi mbele ya kambi ya City Point, iliyoungwa kutoka picha tatu: kichwa ni cha Grant, kiwiliwili na farasi ni vya jenerali mwingine, McCook, na wanaoonekana nyuma ni mateka wa Kusini. Berlin, Mei 1945, Yevgeny Khaldei aliwapiga picha askari wa Kisovieti wakipandisha bendera juu ya jengo la bunge, kisha akaikwangua saa moja mkononi mwa askari aliyeonekana kuvaa mbili, maana saa mbili zilinuka uporaji. Moshi akauongeza.

Ila picha inaweza kubaki safi kabisa na bado watu wakadhulumiwa. Tarehe 23 Februari 1945 Joe Rosenthal aliwapiga picha wanajeshi sita wa Marekani wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima. Haikupangwa. Bendera ilikuwa ya pili siku hiyo, lakini kitendo kilikuwa cha kweli. Kosa likaingia kwenye majina. Harlon Block, aliyeuawa kisiwani siku chache baadaye, aliandikwa kuwa ni Henry Hansen. Ira Hayes, mmoja wa wale sita, alijua, na mwaka 1946 alisafiri hadi Texas kumwambia baba yake Block. Marekebisho yakafanywa mwaka 1947.

Makosa mengine mawili yalidumu zaidi. Watafiti wasiolipwa na mtu walipekua picha na filamu za siku ile, wakilinganisha kofia, mikanda na vifaa, na mwaka 2016 jeshi likakubali kwamba John Bradley hakuwa mmoja wa wale sita, bali Harold Schultz ndiye aliyekuwamo. Bradley alishiriki kusimamisha bendera ya kwanza, hakuwamo katika picha ya Rosenthal. Mwaka 2019 jina la Rene Gagnon likampisha Harold Keller. Schultz alifariki mwaka 1995, Keller mwaka 1979, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujitangaza hadharani.