Kabla ya Keki Ilikuja Tarehe: Bethidei za Watoto Zilivyofika Lalago

Pita Lalago, wilayani Maswa, msimu pamba zikishauzwa, kuanzia mwezi wa sita hivi kuendelea. Jumamosi jioni hukosi nyumba iliyofungwa maputo mlangoni, spika imetolewa nje, watoto wamevalishwa rangi moja utadhani wanakwaya. Hiyo ni bethidei wadau, na siyo zile za soda na biskuti tu. Siku hizi lazima kuwe na thimu, kama wapambaji wanavyoita, yaani kila kitu kifanane. Kama ni Spider-Man basi keki nyekundu, kofia nyekundu, mpaka kitambaa cha meza chekundu.

Bibi wa nyumba moja pale senta aliangalia maandalizi ya mjukuu wake anayetimiza miaka mitano, akamuuliza mkwewe, "Mayu, mnajuaje kama ni leo?" Watu wakacheka. Lakini swali la bibi ndilo lenye historia yote.

Maana kabla keki haijafika Usukumani, ilibidi kwanza tarehe ifike. Zamani mtoto wa Kisukuma hakuwa na tarehe, alikuwa na jina, na jina lenyewe ndio kalenda. Aliyezaliwa mvua inanyesha ni Mabula. Wa kipindi cha njaa ni Nzala. Mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija, hapo hakuna ubishi. Ukiongeza na matukio makubwa, kama Uhuru wa 1961, Operesheni Vijiji ya 1974 au vita ya Kagera ya 1978, mzee anakupigia hesabu ya umri wake vizuri tu bila karatasi.

Hata shule zilikuwa na ujanja wao. Mtoto akipelekwa kuandikishwa, anaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukifika, darasa la kwanza hilo. Usipofika, rudi nyumbani ukale ugali, uje mwakani. Wapo watu wazima leo ambao mkono mfupi uliwachelewesha mwaka mzima! Kilichobadilisha mambo ni kadi ya kliniki. Mama anajifungua, nesi anaandika siku, mwezi na mwaka, na kuanzia hapo mtoto anayo siku yake peke yake.

Sasa keki na mishumaa vimetoka wapi? Huko ni Ujerumani. Karne ya 18 Wajerumani walikuwa na sherehe za watoto zenye keki na mshumaa. Mwaka 1746 kabaila mmoja, Ludwig von Zinzendorf, alifanyiwa bethidei iliyoacha watu midomo wazi: keki kubwa imetobolewa matundu, kila tundu mshumaa, idadi sawa na miaka yake. Wajerumani haohao wakaja kututawala miaka ya 1880 mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia. Pamba walihimiza, kodi walidai, keki wakabaki nayo wenyewe.

Wimbo nao una mambo. Ule unaoimbwa dunia nzima keki ikikatwa ulitumia muziki wa madada wawili wa Kentucky, Marekani, Mildred na Patty Hill. Mwaka 1893 waliutoa kwa ajili ya kuwasalimia watoto wa chekechea asubuhi, bethidei haikuwemo kabisa. Maneno ya bethidei yalikuja baadaye, na kampuni ya Warner/Chappell ikawa inatoza hela kila anayeutumia kwenye filamu au redio. Mwaka 2015 jaji wa Marekani akasema hawana haki hiyo, na mwaka uliofuata wakakubali kulipa dola milioni 14. Kwa hiyo MC wa Lalago imba kwa raha zako, hudaiwi na mtu.

Kwetu hizi sherehe zilianzia mjini, kwa wenye uwezo. Pwani walikuwa na arobaini na akika ya mtoto, ila hizo ni za dini na mila, hazirudiwi kila mwaka. Televisheni ndiyo ilisukuma sana. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara tukasubiri mpaka 1994. Mtoto akiona katuni, anataka awe yule wa kwenye katuni. Mwaka 2014 wakaja Ubongo Kids, katuni za hapahapa Tanzania zinazoongea Kiswahili. Umeme ulipoanza kusambaa vijijini, mtoto wa Lalago akawa anaona anachoona wa Sinza.

Lakini hapa pana jambo ambalo wapambaji wengi hawaligusi. Usukumani thimu siyo ngeni hata kidogo. Tangu karne ya 19 kuna makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanayoshindana baada ya mavuno nani atavuta watu wengi. Ushindi hauji kwa kuimba tu. Wapo wanaocheza na nyoka hai shingoni. Kuna bugobogobo, watu wanarusha majembe juu na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Mavazi, rangi, kitu cha kushangaza watu, vyote vilipangwa mapema na kwa siri ili wapinzani wasiige. Hiyo ni nini kama siyo thimu? Na watoto walikuwa na yao: ng'ombe wa udongo, magari ya waya, harusi za mchezo na wageni waalikwa.

Turudi kwa yule mkwe. Alitaka thimu ya Frozen, ile filamu ya 2013 ya binti wa barafu. Barafu Lalago, kwenye jua lile! Mapambo yangetoka Maswa mjini kwa kukodi. Hela ya pamba ikachelewa, mpambaji akataka alipwe kwanza, siku zikabaki mbili. Mama wa watu akalia, maana kadi za mwaliko alishagawa na mashoga zake wa sokoni walikuwa wanasubiri kuona.

Bibi akawaita watoto, wakaenda kuchimba udongo. Kufikia Jumamosi meza ilikuwa na zizi la fito na ng'ombe thelathini na kitu, wengine pembe zimekatika. Keki ikapakwa krimu nyeupe, ikawekewa madoa ya kahawia kama ngozi ya ndama. Kila mtoto aliyekuja alikabidhiwa ng'ombe wake, akaambiwa ampe jina. Mashoga wa sokoni walipiga picha kuliko kawaida, mmoja akaulizia kabisa wamekodi wapi.

Wakati wa kuzima mishumaa mtoto akamuuliza bibi na yeye ana mingapi. Kitambulisho cha bibi kinasema amezaliwa tarehe 1 Januari, tarehe aliyopewa dirishani na aliyekuwa anajaza fomu. Bibi akasema yeye alizaliwa wakati wa palizi, mwaka ambao mto ulijaa ukabeba ng'ombe wa baba yake. Mtoto akachukua ng'ombe mmoja wa udongo, akamsogezea bibi, wakapuliza pamoja mishumaa mitano.