Shirika na baraza la parokia: nani anakujua ukikimbia kijiji?

Hapa Lubumbashi, Mkatoliki akihamia kartie mpya, ataulizwa mapema: «Wewe ni wa shirika gani?» Swali hilo lina historia yake.

Wamisionari Wabenedikto, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, walifika Katanga mwaka 1910. Mji wetu, ulioitwa Elisabethville, ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Padri alikaa misioni, na vijijini alipita mara chache. Aliyebaki na watu ni katekista: alifundisha, alisalisha, alisindikiza wafu. Lakini mambo makubwa yaliamuliwa misioni, na watu wa kijiji hawakuulizwa.

Mabadiliko yalianza mwaka 1961. Katanga ilikuwa imejitenga na vita ilikuwa karibu. Maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakakubaliana kwamba parokia ijengwe juu ya jumuiya ndogo za majirani. Kwetu tukaziita shirika. Majirani wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, kisha wanaangaliana: nani mgonjwa, nani ana kilio, nyumba gani imelala na njaa. Mashirika yanatuma wajumbe kwenye baraza la parokia, na hapo sauti ya kijiji inamfikia padri.

Wakati wa Zaire, faida yake ilionekana. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu na vyama vya vijana vya Kanisa, na mwisho wa 1974 serikali ikachukua shule. Uongozi wa shule ulirudi kwa Kanisa mwaka 1977. Katika miaka hiyo yote, majirani waliendelea kukutana kusali nyumbani kwao.

Tusilisifu baraza kupita kiasi. Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema baraza la kichungaji la parokia linatoa shauri tu, na padri ndiye mwenyekiti. Halichukui nafasi ya chifu wala ya tribinali. Tena tukumbuke 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Katika waliofukuza na waliofukuzwa kulikuwa na wakristu waliosali pamoja Jumapili. Kukaa katika shirika moja hakukutosha kuzuia chuki ya kabila.

Baadaye vita vya Mai-Mai vikaharibu vijiji kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, hadi watu wakapaita pembetatu ya kifo. Gédéon Kyungu alijisalimisha Mitwaba mwaka 2006, kisha akatoroka gereza la Kasapa mwaka 2011, na watu wakakimbia tena. Anayekimbia usiku anabeba mtoto na sufuria. Kartasi ya ubatizo inabaki, labda inaungua pamoja na nyumba.

Hapo ndipo mtu anakwama. Anataka kufunga ndoa, anaombwa barua ya parokia ya zamani, na njia ya kurudi imefungwa. Wengi wanakata tamaa, wanaishi miaka bila ndoa ya kanisa, wakidhani hakuna njia nyingine. Njia iko. Sheria ileile ya 1983, katika kanuni ya 876, inakubali ushahidi wa mtu mmoja wa kuaminika kuthibitisha ubatizo, kama hakuna anayedhuriwa. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza kuapa mwenyewe.

Na shahidi huyo ni nani, kama si mtu wa shirika lako la zamani? Ni yule mama aliyekuwepo siku ile, yule mzee aliyekuwa mjumbe wa baraza. Kijiji kimetawanyika, lakini watu wake bado wanajuana.

Kwa hiyo, ndugu mliokimbia, tafutaneni. Andikeni katika daftari majina ya waliokuwa shirika moja nanyi, na mahali walipo leo. Mwoneni kiongozi wa shirika la kartie mnayokaa, awapeleke kwa padri pamoja na shahidi wenu. Nanyi wajumbe wa mabaraza ya Lubumbashi, mgeni akija bila kartasi, msimuulize kabila lake. Muulizeni nani anamjua, kisha mwende pamoja kumtafuta mtu huyo.